Ampli Iliyorudi Kapata

Ngoy alinunua ampli kuukuu za gitaa, vile vikuza sauti, kwenye minada ya mtandaoni, na desturi yake ilikuwa kuuona mgongo wa kifaa kabla ya kuutazama uso wake. Uso hufutwa vumbi ili upendeze kwenye picha. Nyuma ndipo zinapokaa lampu za kioo, ndipo kutu inapoanzia, ndipo mtu asiyejua kazi anapoacha mikwaruzo ya bisibisi yake. Muuzaji aliyeandika kwamba kifaa chake hakijajaribiwa alikuwa amekijaribu na kukikuta kimekufa.

Wakati wa mnada aliketi kwenye kizingiti cha jiko, mahali pekee ambapo mtandao ulifika bila kukatika, huku mkewe Blandine akisonga bukari kando yake. Hakutoa bei mapema, kwa sababu anayetoa bei mapema huwaamsha wengine. Alingoja mpaka mwisho kabisa, akaandika bei yake mara moja, akaweka simu chini. Huko Liège, Ubelgiji, shemeji yake aliichukua ampli iliyonunuliwa, akaifungasha kati ya matairi ndani ya kontena, na Alimasi, msafirishaji, akaileta kwa lori kutoka Dar es Salaam. Wateja wa Ngoy walikuwa makanisa, ambayo mji wa Kolwezi, kusini mwa Kongo, haujawahi kuyakosa.

Kiangazi kimoja aliiona ampli ya kijivu, nzito, ya zamani. Mgongo wake ulikuwa mzuri. Alipofungua picha ya uso, aliona kwamba kitambaa kinachofunika spika kilikuwa kimetoboka na kutiwa kiraka cha kitenge chenye kuku na vifaranga. Kipande kilichobaki cha kitenge hicho kilikuwa kichwani mwa mama yake, Mama Numbi, aliyekuwa akichambua maharagi uani. Ngoy alitoa bei palepale. Mtu mwingine alipandisha, naye akapandisha, hadi yule mwingine akachoka.

"Ya kanisa gani?" Blandine aliuliza.

"Bado," Ngoy alisema.

Ampli ilikuwa ya Tshilombo, mume wa Mama Numbi. Mchana alikuwa fundi wa karakana ya kampuni ya migodi, na Jumamosi alipiga gitaa katika bendi ya wafanyakazi. Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, Tshilombo alitoka katika nyumba hiihii ya mtaa wa Kapata pamoja na binti yake Tshiela, ampli ikiwa juu ya mkokoteni, wakaenda kukaa stesheni pamoja na wenzao kungojea treni. Numbi, kwa kuwa alikuwa mtu wa Katanga, aliruhusiwa kubaki. Mtoto wao mdogo wa kiume, Kanyinda, mtu wa Kasai kwa baba yake, alichukuliwa na kaka yake Numbi, aliyeitwa Ngoy, akapelekwa kijijini kaskazini. Aliporudi alikuwa ameota meno mapya, anaitwa Ngoy, na ni mtoto wa mjomba. Nyumba ikawa ya mjomba, na mjomba alipokufa ikawa yake.

Mtaa ulikubali. Majirani waliyajua masikio yake tangu alipozaliwa, lakini hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, na Kapata jambo lisilosemwa kwa sauti halikumpeleka mtu stesheni. Ila mwaka huu treni zilikuwa zimeanza tena kuleta watu kutoka Kasai, waliotafuta kazi kuzunguka mashimo ya mgodi wa Mashamba. Kabemba, ambaye watu walipofukuzwa mara ya kwanza alikuwa kijana mwenye fimbo na sasa ni mkubwa wa mtaa, alisema kwamba lazima ijulikane tena nani ni nani. Atakayejulikana kuwa wa Kasai atapoteza nyumba kwanza, kisha atapewa njia ya stesheni.

Alimasi alishusha kreti mbele ya mlango akiwa na hasira kidogo.

"Fundi, hii kitu yako ilikohoa njia yote. Mupakani balinilipisha kama niko na abiria."

"Na ulilipa?"

"Ningefanya nini? Baliichomeka, ikabasalimia."

Umeme uliporudi, kabla jua halijazama, Ngoy aliichomeka sebuleni. Ampli ya namna hiyo haiamki papo hapo. Lampu zilianza kuwa nyekundu, kukaja mngurumo, kisha kikohozi, kisha sauti ya mwanamume.

"Jambo yenu."

"Jambo, tata," Blandine aliitikia kutoka jikoni, akimpa heshima ya baba. "Karibu. Bukari iko karibu kuiva."

"Aksanti, mama. Hii njo nyumba yangu?"

Blandine alimtazama mumewe. Ngoy alikuwa akiikagua fyuzi. Mama Numbi aliingia akaketi mkekani, mbele ya spika.

"Tata Tshilombo," alisema, "ulifika salama?"

"Hapana. Nilikufia mu treni, mbele ya kufika Kamina. Tshiela alikufa ku gare ya treni, tukingali tunangojea. Hii ampli nilimupa muzungu moja, anjinyeri ya kampuni, naye alikuwa anakimbia na ndege. Alinipa dawa. Ilikuwa dawa ya tumbo. Mutoto alikuwa na malaria."

"Pole," Mama Numbi alisema.

"Aksanti. Na Kanyinda?"

Umeme ulikatika. Sauti iliendelea muda mfupi, kwa kadiri ya joto lililobaki katika lampu, ikauliza swali hilo tena, chini zaidi, kisha ikanyamaza. Walikula gizani.

Kuanzia siku iliyofuata majirani walikuja kumwamkia Tshilombo kila umeme ulipokuwapo. Alimtambua kila mtu kwa sauti yake. Mama Godelieve wa nyumba ya pili aliulizwa habari za cherehani ambayo Tshilombo aliiacha.

"Inashona, tata. Nilibadilisha mukanda tu."

"Na kabati?"

"Kabati iko kwa Mignonne, jirani yetu. Mulango moja njo inalia."

"Mutie mafuta," Tshilombo alishauri.

Alipenda kusikia kwamba vitu vyake vilikuwa vizima. Hakuomba arudishiwe chochote, na hakuna aliyerudisha. Baada ya vitu aliuliza habari za mtoto wake, na hapo mgeni alikumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Ngoy hakusema neno mbele ya ampli. Alipotaka kitu alionyesha kwa kidole. Kila alipoichomoa, mama yake aliichomeka tena. Siku moja aliitoa lampu ya kwanza, ambayo bila hiyo sauti haipiti, akaishika ndani ya kitambaa. Mama Numbi aliacha maharagi akamtazama, mpaka akairudisha.

Jumapili baada ya misa Kabemba alikuja na vijana wake, nusu ya mtaa ikiwa nyuma yao. Aliketi akavuta kiti karibu na spika.

"Tata Tshilombo, ni mi Kabemba."

"Kabemba wa fimbo?"

"Njo mi."

"Jambo, Kabemba. Mukono yako ilipona? Siku ile ulijiumiza juu ya mulango yangu."

"Ilipona, tata. Sasa sikia. Batu banasema mutoto yako angali hapa, mu kartie, mu mutaa yetu. Wewe baba yake, haumujue?"

"Nilimuacha na sauti ya kitoto. Leo nitamujua namna gani? Aseme mwenyewe. Nitafurahi."

Kabemba aligeuka, akawatazama watu mmoja mmoja, bila haraka. Alipofika kwa Ngoy alitabasamu.

"Basi aseme. Nani hapa ni mutoto ya Tshilombo?"

Kuku walipita uani. Mama Numbi alifungua kinywa, na Ngoy akamtangulia.

"Kanyinda alikufa, tata."

Ampli ilinguruma.

"Wewe ni nani?"

"Ngoy. Mutoto ya Ngoy, kaka ya mama Numbi."

"Una sauti muzuri. Alikufa lini?"

"Ule mwaka. Homa."

"Numbi, ni kweli?"

Mama Numbi alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Kabemba, kisha wajukuu wake waliosimama mlangoni.

"Ni kweli," alisema.

"Na kilio hamukufanya," Kabemba alisema, kwa upole. "Ile ni mubaya. Tutaifanya. Ngoy, wewe utasimama ku mulango, upokee batu. Uko ndugu ya marehemu."

Wakamfanyia Kanyinda kilio. Majirani walileta viti, na vingi vilikuwa viti vya Tshilombo. Mama Godelieve alishona vitambaa vyeusi vya mkononi kwa cherehani ya Tshilombo. Ngoy alisimama mlangoni akapokea pole, akagawa chai, na alipoulizwa kama marehemu alikuwa mtoto mtiifu alijibu kwamba alikuwa mtiifu. Wanawake walilia kweli. Wengine walikuwa wametaka kumlilia Tshilombo na watoto wake tangu mwaka ule na hawakuwa wamepata nafasi. Kabemba naye alilia, akajifuta kwa leso iliyopigwa pasi.

Tshilombo alipiga gitaa. Hakukuwa na gitaa lililounganishwa na ampli, lakini nyimbo za polepole za bendi ya wafanyakazi zilitoka mpaka umeme ulipokatika. Ngoy alisikia kwamba uzi wa tatu ulikuwa umelegea kidogo, kama ulivyokuwa siku zote.

Baada ya kilio Tshilombo hakuuliza tena habari za mtoto. Alimwambia Numbi kwamba sasa wako wawili upande wake, Tshiela na mdogo wake, ingawa huyo mdogo alikuwa bado hajamwona. Mama Numbi alifungua kitenge cha kuku kichwani, akakikunja, akakitia sandukuni, akajifunga kitambaa cheusi.

Siku chache baadaye Kabemba alirudi. Kulikuwa na mkutano kwenye uwanja wa mpira, naye alihitaji kitu chenye nguvu.

"Niko na zingine mupya," Ngoy alisema. "Ina nguvu kupita ile."

"Mi ninapenda ile ya Tshilombo. Na wewe si uko mutoto ya hapa?"

Ngoy aliipakia kwenye mkokoteni.

Uwanjani Kabemba alishika maikrofoni. Alisema kwamba mji umejaa, kwamba kazi za migodini, Mashamba na Kingamyambo, zina wenyewe, na kwamba waliokuja na treni wanajua treni inakopita. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya Tshilombo. Ilirudia maneno ya Kabemba bila kupunguza wala kuongeza, kwa sababu kazi ya ampli ni kukuza kile kinachoingia.

"Bilulu birudie kwabo!" Kabemba alipiga kelele. Neno hilo lina maana ya wadudu, na ndilo waliloitwa watu wa Kasai mwaka ule.

"Bilulu birudie kwabo," Tshilombo alisema. Alikuwa amekohoa kidogo kwanza, ili lisikike vizuri.

Lilisikika mpaka barabarani. Mama Godelieve alimwambia Mignonne kwamba Tshilombo tangu zamani alijua kusema mbele za watu. Kwenye ukingo wa uwanja familia zilizokuja na treni zilisikiliza nazo, kisha zikaondoka kabla ya wengine, kwa kuwa zilikuwa na mizigo ya kufunga.

Watu walipokwisha kutawanyika Ngoy alichomoa waya. Ampli ya lampu haibebwi ikiwa ya moto, kwani mtikiso mdogo huvunja kioo. Ilimpasa kungoja. Aliketi juu yake. Ubao ulikuwa na joto lilelile.

"Nani amenikalia?"

"Ni mi, tata. Ngoy."

"Kanyinda alipenda kukaa hapo. Tulikuwa tunapiga, yeye analala."

Ngoy alisimama.

"Kaa tu," sauti ilisema. Lampu zilikuwa zimeanza kufifia. "Nafasi iko. Nilisema muzuri leo?"

"Ulisema muzuri, tata."

"Ile maneno niliijua. Haikunisumbua kuisema." Sauti ilizidi kuwa hafifu. "Ngoy, uko mutu ya muzuri. Ulimufanyia mutoto wangu kilio."

Ngoy aliketi tena. Alikaa mpaka ubao ukapoa, akapeleka mkono nyuma kuhakikisha kwamba kioo ni baridi, ndipo akaibeba.

Asubuhi watu walipita mbele ya nyumba wakielekea stesheni, magodoro vichwani. Wengine waliuza njiani vile walivyoshindwa kubeba. Mama Godelieve alipata ndoo mbili na pasi. Mwanamume mmoja alisimama kwenye lango la Ngoy akiwa na ampli ndogo begani, akasema kwamba ameambiwa hapa wananunua.

"Igeuze," Ngoy alimwambia. "Nione mugongo."

Yule mtu aliigeuza. Mgongo ulikuwa safi, skrubu zote mahali pake. Ngoy alisema ataichukua. Uso wake hakuutazama.