Usafi wa Ghala la Popo

Daktari Lusungu alipata shahada zake zote kwa mgongo wa popo wa ghala la zamani la mpunga, kule Mwaya, Kyela. Alianza akiwa binti mwembamba, akitambaa darini na tochi kuwahesabu, akitoka ananuka mikojo yao huku anacheka peke yake. Popo elfu nne, wote wanakula wadudu wa mpunga bila kudai posho.

Kisha akapanda cheo, na ukipanda cheo katika uhifadhi, popo unawaona kwenye slaidi. Akaunda Kamati ya Popo, akaivalisha kofia, akaipa semina tatu, zote ukumbini Bondeni, zote na kuku.

Sasa wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi kuamua: ghala litangazwe hifadhi, au livunjwe lijengwe soko. Lusungu alikosa raha wiki nzima, maana pamoja na yote, popo wale aliwapenda. Akamtumia ujumbe mwenyekiti wa kamati, mzee Hezroni: "Wageni wanakuja. Andaeni ghala."

Kyela nzima nani asiyejua kuandaa mahali pa wageni?

Lusungu na wakaguzi walipofika, ghala liling'aa. Kuta zimepakwa chokaa, sakafu imesuguliwa, wali na samaki aina ya mbasa viko mezani, akina mama wanaimba. Darini kimya.

"Popo wako wapi?" Lusungu akanong'ona.

"Tumewafukuza wote, Daktari," akasema Hezroni, kofia yenye picha ya popo imemkaa vizuri kichwani. "Siku tatu za moshi wa pilipili."

"Baba, si ndio tunaowalinda!"

Mzee akamtazama kwa huruma. "Zamani ulikuwa unaingia, mwanangu. Mwaka wa sita huu unaishia mlangoni, kitambaa puani. Tukasema harufu imemshinda binti yetu, anaona haya kusema. Tukakusaidia."

Aibu ikampanda Lusungu mpaka masikioni.

Mkuu wa wakaguzi, aliyekuja na barakoa mbili kwa kuogopa popo, akazivua zote mbili, akavuta pumzi. "Hongera, Daktari! Sijawahi kuona hifadhi safi namna hii." Akatia saini palepale. Kuanzia siku hiyo ghala lisiguswe, kwa ajili ya popo.

"Ndaga fijo!" Hezroni akashukuru, makofi yakapigwa.

Lusungu akavua viatu, akaazima tochi ya mlinzi, akapanda darini. Akatambaa kona hadi kona, huku chini mkaguzi akimsifu kwa uchapakazi. Alipotoka, alikuwa ananuka chokaa.