Kilio cha Karimu

Khairiya alipoolewa na kuhamia Makangale aliniachia riwaya moja iliyochanika jalada, tuliyokuwa hatujaimaliza. Tulizoea kusoma pamoja, tukiwagombania wahusika kana kwamba ni majirani zetu. Yeye alimpenda Yusra, muuguzi anayeposwa na tajiri naye moyo wake uko kwa Karimu, dereva wa gari la wagonjwa. Mie nilimpenda Karimu. Hakuwa na maneno mengi. Yusra akiwa na zamu ya alfajiri, alimletea uji wa moto, akauweka dirishani, akaondoka.

Nilikuwa nimemaliza chuo Unguja, nimerudi Wingwi kungojea ajira ya ualimu, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba wanaume wa namna ile huenda wapo. Nikimwandikia Khairiya habari za sura niliyofikia, jibu lilichelewa, na likija lilikuwa fupi. Mtoto ana homa, shoga, uliyoandika nitayasoma baadaye. Hakuyasoma.

Basi nilisoma peke yangu uani, nikizilinda karafuu zilizoanikwa zisiparuliwe na kuku. Alasiri moja Karimu akafa. Gari liliteleza kwenye mvua, naye alikuwa hajajua kwamba Yusra amemkataa yule tajiri kwa ajili yake. Nilijifunika mtandio usoni nikalia.

Ndipo alipokuja Bi Kazija, shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikaa ukingoni mwa jamvi, akasema wamekuja watu kwa baba kutoka Shumba. Wanamposea Suhail, kijana mwenye duka la saruji, mtu wa swala zake, na yeye katumwa aje kuniuliza. Nilimsikia vizuri. Nilitaka kumwambia angoje kwanza nipumue, lakini kwikwi hazikunipa nafasi. Akanipapasa mgongo, akasema Alhamdulillahi, akaenda zake. Nikadhani amenionea huruma na atarudi nikitulia.

Hakurudi. Kwetu mwanamwali akiulizwa habari ya posa hangojewi kusema ndiyo. Akinyamaza, amekubali. Akilia kidogo, amekubali kwa adabu. Nililijua hilo tangu utoto, ila sikufikiri kwamba machozi ya kitabuni nayo yangehesabiwa.

Asubuhi jirani yetu, Bi Mwanawema, alipiga kigelegele mlangoni kabla hata hajabisha hodi. Baba alikuwa ameshatuma jawabu Shumba.

Nilimfuata shangazi jikoni, akikuna nazi.

"Shangazi, mie sikukubali."

"Safaa, ulilia, nimekuona kwa macho yangu."

"Nilikuwa namlilia Karimu."

Akaacha kukuna. "Karimu yupi?"

"Amekufa, shangazi."

"Innalillahi. Mtoto wa nani huyo?"

Nikamweleza kuwa ni mtu wa kitabuni. Hakuamini. Alisema hakuna msichana anayelia vile kwa ajili ya karatasi, na kama kuna mambo niliyoyafanya huko chuoni niyaseme sasa, aibu ikiwa bado changa. Akajifuta mikono, akaenda kumwita baba.

Baba yangu, Mzee Msellem, si mtu wa kufoka. Alikaa barazani, akaomba akione hicho kitabu. Akavaa miwani, akausoma ukurasa wa ajali polepole, midomo ikitembea. Mie nimesimama mbele yake nikiona haya, na haya zenyewe zilikuwa kwa niaba ya Karimu, anayechunguzwa kama mgeni asiyejulikana kwao.

"Ameandikwa vizuri," baba alisema mwishowe. "Lakini hayupo."

"Hayupo, baba."

"Sasa ni nani? Mtu haikatai posa kwa ajili ya hewa. Nitajie jina, nikaulize kwao."

Hapo nilimwonea Yusra kijicho. Alipokataa yeye, alikuwa na jina la kutaja. Mie nililitafuta langu, hata la mtu aliyewahi kunitazama mara moja maktaba, nisilipate. Ningeweza kunyamaza tena. Suhail hakuwa mtu mbaya, na kunyamaza kungetosha.

"Sina mtu, baba," nilisema. "Suhail simjui, wala yeye hanijui. Nataka mtu atakayejua ninalilia nini."

Baba akavua miwani. "Na asipokuja?"

"Sijui."

Akanirudishia kitabu. Jawabu lilipelekwa na mjumbe, lakini kulirudisha ilimbidi aende mwenyewe, akae mbele ya wanaume wenzake, alimeze neno lake. Alivaa kanzu na kofia, akasimama mlangoni akiniuliza akawaambie nini.

"Waambie kweli."

"Watacheka, Safaa."

"Najua."

Akaenda. Shangazi alimsindikiza kwa macho njia nzima mpaka alipopotea, kisha akaingia ndani bila kunisemesha, na siku ile hata chakula alinipa kwa kukiacha mezani. Bi Mwanawema alipita, akaniangalia kama mgonjwa. Sikuwa na hasira nao. Nilichotamani ni mtu mmoja tu aje anikalie karibu, aniulize Karimu alikuwa mtu wa namna gani.

Kitabu kilikuwa bado mkononi. Baada ya kifo cha Karimu kurasa zilibaki nyingi, na nilikuwa sijajiuliza zina nini. Nikakaa kizingitini, nikaanza kusoma jinsi Yusra anavyoishi.