Waliochomwa Sindano Mwanzo

Panya kumi wa kizimba cha chini walianza kufa kabla ya saa nne asubuhi. Manyoya yaliwasimama, macho yakazibwa na usaha, wakaharisha damu. Mmoja alijipinda, akatapatapa, akang'ata waya mpaka jino likakatika. Wenzake walimkanyaga wakigombea kona yenye joto. Nilimvunja shingo, kisha wengine watatu. Ndiyo kazi yangu: aliyefika mwisho asicheleweshwe.

Sumu tuliyowachoma hutoka kwenye maganda ya bakteria waliokwisha kufa. Nilijifunza kwa kuuliza tu, sikuisomea. Haiui yenyewe. Mwili wa panya husikia mbiu ya vita, na askari wake, katika kumsaka mwizi, huchoma nyumba nzima.

Katika kizimba cha juu, panya kumi waliochomwa sumu ileile na kupewa dawa ya Daktari walikuwa wanakula.

"Babu Panya!" Daktari alicheka, machozi yakimlengalenga. "Miaka mitatu! Keshokutwa mgonjwa wa kwanza anapewa. Mbona umenuna kama bwana harusi aliyekimbiwa?"

"Mwanangu, hawa wa juu tuliwachoma sindano mwanzo."

"Kwa hiyo?"

"Kichupa cha sumu nilikitoa mimi kwenye friji. Sikukitikisa. Sumu ile hutuama chini. Wa mwanzo wamepata maji, wa mwisho wamepata moto."

Kicheko kilimkauka. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi funga mdomo, babu. Nakuomba."

"Nitaufunga. Na yule mgonjwa?"

Alishika ubao wa kuandikia akanirushia. Ulinipasua juu ya jicho. Tulitazamana, damu ikinichuruzika mpaka kwenye koti. Simlaumu, miaka mitatu si siku tatu.

"Leta ishirini wengine," alisema hatimaye, akinipa pamba.

Safari hii nilitikisa kichupa mpaka kiganja kikafa ganzi, na tukawachoma kwa kupokezana, mmoja wa juu, mmoja wa chini.

Asubuhi iliyofuata vizimba vyote viwili vilinuka damu. Waliopewa dawa walikuwa wanatapatapa sawasawa na wenzao. Niliponyoosha mkono, Daktari alinizuia. Hakuwahi kumuua panya kwa mkono wake. Alimshika wa kwanza, akamvuta shingo, akakosea. Panya akalia, akamng'ata kidole. Ikabidi avute tena.

Alimaliza wote kumi waliopewa dawa. Kisha akapiga simu wodini, kidole kikivuja.

"Msimpe," alisema. "Haifanyi kazi."