Orodha Yangu ya Vijiji

Kosa lile nililiandika kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu, kwa hiyo nisiisingizie kompyuta.

Tulikuwa tunajifunza kutengeneza mifumo ya mtandaoni pale chuoni Likombe, ile sehemu asiyoiona mtumiaji. Mwalimu Hemedi alitufafanulia hivi: ukurasa ni mlango, hifadhidata ni ghala, na seva ni karani aliyekaa katikati. "Mlangoni mtu anaweza kuandika lolote. Karani ndiye wa kuhakiki." Mimi nikapewa kumwandikia karani kanuni, kwenye mfumo wa kuandikisha wakulima wanaotaka miche ya mikorosho. Kwenye swali la mahali pa kuzaliwa nikaweka orodha ya vijiji: kisichokuwemo, kikataliwe.

Vya ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, sikuviweka. Nilivijua. Lakini darasani nilishasema kwetu ni Ziwani tangu asili, na niliogopa mtu asije akauliza jina kama Nangade nimelijulia wapi. Mkataa kwao ni mtumwa: methali hiyo niliiandikia insha shuleni, na alama nzuri nikapata.

Siku ya majaribio tukaenda Ziwani, ofisi ya kijiji. Kasiani, mwenzangu wa darasani, alikaa mbele akiandikisha. Wa nne kuingia alikuwa bibi yangu Anabela, aliyenilea. Nikainamia kompyuta yangu. Hata shikamoo sikumpa. Aliniona, akadhani nimebanwa na kazi, akaenda kuketi mbele ya Kasiani.

"Umezaliwa wapi, bibi?" Kasiani akamuuliza.

"Nangade."

Kasiani akaandika, akabonyeza, akasoma kilichorudi. "Inasema mahali hapo hapatambuliki. Eti turekebishe."

"Nirekebishe nini, nami nishazaliwa?"

Watu wakacheka. Nikainuka, nikamnong'oneza Bibi sikioni aseme Ziwani tu, apate miche yake.

Alinijibu kwa sauti ya chini, kunisitiri hata hapo. "Juzi tumemwaga unga wa tambiko tukiwaita wazee wetu, sahani umeshika wewe. Mama yangu nilimwita wa wapi?"

"Wa Nangade."

"Kumbe unajua. Sasa aliyeandika humo ni nani, asiyejua?"

Nikarudi kwenye kiti changu, nikaongeza Nangade kwenye orodha. Mstari mmoja tu, hata dakika haikuisha. Nikaiwasha seva upya, Kasiani akabonyeza tena, na safari hii ikakubali.

Kasiani akaendelea na swali la mwisho. "Ndugu wa karibu?"

Bibi alikuwa anafunga kitambulisho chake kwenye pindo la kanga. "Njukuu ninaye," akasema kwa lafudhi yake ya ng'ambo, bila kunitazama. "Ila kwanza muulize kama na mimi nimo kwenye orodha yake."

Kasiani akageuka huku na huku, asijue amuulize nani. Jibu nilikuwa nalo. Nikachelewa kulitoa, nikachelewa hadi Bibi akachoka kusubiri.

"Paache wazi," akamwambia.

Kasiani akapaacha wazi, akabonyeza. Swali hilo sikuwa nimeliwekea kanuni yoyote. Karani wangu akapokea.