Samaki wa Maji ya Kuchemsha

Yustina alikuwa msafi kiasi kwamba hata kuku wa jirani walipita mbali na uwanja wake. Msimcheke. Mwaka ule wa kampeni ya Mtu ni Afya, Chang'ombe nzima ilikuwa ikifyeka majani, ikichimba vyoo na kuchemsha maji, na yeye, mshonaji aliyetoka Ndanda na cherehani yake, ndiye aliyechaguliwa kuongoza kikundi cha mtaa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Redio iliposema maji yachemshwe, alichemsha ya kunywa, akachemsha ya kuoga, mwisho akachemsha na ya samaki.

Samaki wenyewe walikuwa wa mumewe, Albano. Albano alikuwa mpakua mizigo bandarini mpaka siku kasha lilipomwangukia mgongoni na miguu ikagoma. Wenzake, badala ya kumletea machungwa kama watu wengine, walichanga wakamtengenezea tangi la kioo kwa fundi wa vyuma wa mtaani, wakalijaza samaki wadogo wa mferejini, wale wanaokula viluwiluwi vya mbu, wenye mikia ya madoadoa. Likawekwa juu ya meza, miguuni pa kitanda.

Asubuhi jua lilipopenya kwenye ufa wa dirisha na kuligusa tangi, mabati ya paa yalianza kuchezacheza kwa mwanga wa maji. Albano alilala chali akiyatazama, na taratibu kitanda kikamchukua kama mtumbwi. Alikaa huko mchana kutwa. Akirudi, alikuwa na habari.

"Leo nimetembea, Mama Adelina," alisema. "Chini ni mchanga mtupu, laini. Nimefika mpaka kwa mama."

Mama yake alikwishazikwa zamani, lakini Yustina hakuwa mtu wa kubishana na ndoto ya mgonjwa.

"Umemsalimia?"

"Nimemwamkia. Ameuliza kama unanitunza."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia unaniosha mno."

Yustina alicheka. Lakini kulikuwa na neno jingine la Albano ambalo halikumchekesha hata kidogo. "Siku hawa samaki wakiisha," alikuwa akisema, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, "na mie safari yangu imeisha." Kwa hiyo samaki walipoanza kufa, Yustina aliogopa kweli. Kila alipokufa mmoja, Albano aliacha ugali mwingi zaidi sahanini.

Sasa mtu msafi akiogopa hufanya nini? Husafisha. Alimwaga maji yote ya tangi. Akasugua kioo, akazitoa kokoto na kuzifua kwa sabuni ya mche, ule utelezi wa kijani ukatoka wote, kokoto zikang'aa. Akajaza maji aliyoyachemsha na kuyapoza kwenye sufuria iliyofunikwa, yametulia, meupe. Samaki wakapanda juu wakaning'inia pale, midomo wazi, wakigonga uso wa maji. Kulipokucha mmoja alikuwa ameelea ubavu.

Yustina akasema uchafu bado upo. Akasugua tena, akachemsha tena. Alitia chumvi kidogo, haikusaidia. Alipunguza chakula, nacho hawakukigusa. Masikini, kila alivyozidi kupenda ndivyo alivyozidi kuua, na wala hakuwa na wa kumwambia. Wakabaki watatu. Albano hakusimulia tena safari zake. Alilala tu akitazama paa lililotulia.

Ndipo Hamisa akapiga hodi. Hamisa alikuwa jirani wa nyumba ya pili, Mzaramo, mwanakikundi mvivu wa kufagia lakini hodari wa maneno. Aliketi chumbani karibu na mgonjwa, akaomba maji. Yustina alimpa kikombe cha yale yaliyochemshwa. Hamisa alionja, akakunja uso, akaomba kikombe cha pili kitupu. Akaanza kuyamimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, mkono mmoja juu, mwingine chini, kama mtu anayepoza chai.

"Si yamepoa hayo?" Yustina aliuliza.

"Yamepoa, shoga, lakini yamelala. Ukiyachemsha yanatoka pumzi, hayana ladha. Lazima uyaamshe."

Maji yalianguka, yakajaa mapovu madogo madogo. Yustina alitazama mapovu. Akageuka kutazama ile midomo mitatu iliyokuwa ikihangaika juu ya tangi.

"Hawaumwi," alisema polepole. "Wanakosa pumzi."

"Na hizo kokoto umezifua kwa nini?" Hamisa alisema, akilisogelea tangi. "Mtungi wangu siuoshi kwa sabuni hata siku moja. Udongo wake ungekunywa sabuni, kisha utunyweshe sie. Wala simalizi maji yote. Naacha ya chini, naongezea."

Siku nyingine Yustina angemsuta. Siku hiyo alibeba ndoo, akaenda kuteka kwenye mtungi wa Hamisa, maji yaliyokuwa yamekaa tangu jana. Alitoa sehemu ndogo tu ya maji ya tangi. Kisha akainua kata juu kabisa na kumimina, uzi mwembamba wa maji, yakaimba chumba kizima. Akafanya hivyo asubuhi na jioni. Ule utelezi ulipoanza kurudi kwenye kokoto mikono ilimwasha kwa hamu ya kusugua, akaifunga kwenye khanga na kuuacha.

Mmoja hakupona. Wawili walishuka chini, wakaanza kufukuzana. Paa likacheza tena.

"Wamerudi," Albano alisema.

"Walitaka pumzi tu, Baba Adelina."

Albano aliacha kutazama paa, akamgeukia.

"Na mie je?" aliuliza. "Mie utaniamsha lini?"

Yustina alikitazama chumba. Dirisha alilifunga yeye, kwa sababu ya vumbi la viwandani. Blanketi la mlangoni alilitundika yeye, kwa sababu ya mbu. Hata wenzake wa bandarini aliwarudisha yeye, kwa sababu ya viatu vyao, mpaka wakaacha kuja. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Alifungua dirisha, akamwita Hamisa. Wakamshika Albano huku na huku, wakamtoa mpaka barazani, wakamkalisha kwenye mkeka, mgongo ukutani. Upepo wenye vumbi ulimpiga usoni. Akafumba macho kwa muda mrefu, na Yustina akaingiwa na hofu.

"Uko kwa mama?"

"Hapana," alisema Albano. "Leo niko hapa hapa Chang'ombe."

Jioni wenzake walimwona kutoka barabarani wakitoka kazini. Wakapiga kelele, wakaja, wakamshika mikono. Albano akawaambia waingie wakawaone samaki wao. Mlangoni wakasita wote, wakitazama viatu vyao vyenye tope, kisha wakamtazama Yustina.

"Piteni hivyo hivyo," alisema.