Habili Hakufa Kinyangiri

Mwinjilisti Simoni alikuwa na umri wa miaka arobaini na nne na miezi minane, na chuo cha wachungaji hakipokei mtu aliyetimiza arobaini na tano. Hesabu hiyo aliipiga kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Kwa miaka kumi na saba alikuwa ameongoza mtaa wa kanisa pale Kinyangiri, amezika, amefundisha kipaimara, amesukuma pikipiki ya kanisa kuliko alivyoipanda, na bado wakubwa wakija yeye hukaa benchi moja na wabeba spika. Sasa Mchungaji Gerald, mkuu wake wa usharika, alimwambia angekuja Jumapili ya mavuno kumsikiliza.

"Nikiridhika naandika barua ya chuo siku hiyohiyo," alisema mchungaji. "Ila sitaki kelele kwenye mtaa wako. Mtu asiyeweza kukalisha watu wake kwa amani, chuoni akafanye nini?"

Simoni akaenda nyumbani, akatafakari, akaomba, kisha kwa akili zake zote za darasa la saba akachagua kuhubiri habari za Kaini na Habili.

Alijiona amepatia. Hadithi inajulikana, ina sadaka ndani yake, na siku ya mavuno ni siku ya sadaka. Kwenye simu alipata mahubiri ya mhubiri mmoja wa mjini, mwenye suti nyeupe na jasho jingi, akayanakili kwenye daftari. Penye foleni ya magari akaweka mnada wa ng'ombe, akahesabu kuwa sasa mahubiri ni yake. Akaiambia na kwaya iandae wimbo wa Habili.

Wa kwanza kusoma daftari alikuwa mkewe, Eliana.

"Baba Peniel, hapa Mungu alikataa sadaka ya nani?"

"Ya Kaini. Hata watoto wanajua."

"Kaini alileta nini?"

"Mazao ya shamba."

"Na Jumapili akina mama wanaleta nini?"

Simoni akaweka kalamu chini.

Ni kweli kwamba Kinyangiri kila mtu ana jembe na kila mtu ana mbuzi wawili watatu. Lakini tangu mwezi wa tano, pale kanisani watu walikuwa wamegawanyika kama walivyogawanyika kwenye Mwanzo. Ng'ombe wa Mzee Mazengo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, waliingia kwenye alizeti ya Marietha, kiongozi wa akina mama, wakala nusu ya shamba na nusu nyingine wakailalia. Mazengo hakusema hata pole. Alisema uzio wa miiba haukufungwa vizuri. Tangu siku hiyo wenye mifugo walikaa benchi za kulia, wenye alizeti za kushoto, na amani ya Bwana walipeana kwa vidole viwili.

Kwaya haina siri. Jumanne, Mazengo alikuwa mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo mzee," Simoni alisema.

"Marahaba. Nimesikia unahubiri Habili. Umefanya jambo la maana, mwinjilisti. Watu wakumbushwe kwamba Mungu ni mtu wa nyama."

"Mzee, Biblia haisemi hivyo."

"Haisemi kwa sababu inajulikana. Mimi naleta beberu, yule mweupe. Sasa wewe ukifika pale Mungu anapokataa majani, usipite haraka. Tulia hapo. Waangalie upande wa kushoto." Akainua fimbo aondoke. "Barua yako ya chuo lazima na mimi niweke sahihi, si ndiyo? Basi tuko pamoja."

Jumatano akaja Marietha. Huyu hakukubali hata kiti. Alisimama uani, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana au kupika, na kwa Marietha mambo hayo mawili yalikuwa karibu.

"Mwinjilisti, nina swali moja tu la Biblia. Habili alipokuwa anachunga, wale kondoo wake walikuwa wanakula wapi?"

"Haijaandikwa, Mama Paschal."

"Haijaandikwa kwa sababu aliyeandika alikuwa mfugaji. Dunia ina watu wanne, mmoja ndiye mwenye shamba, wanyama wananenepa mpaka Mungu anawasifu. Wamenenepea wapi? Kaini alikuwa na kesi! Alikosa tu baraza."

"Lakini aliua, mama."

"Sijasema alifanya vizuri. Nasema hukumu ilisikiliza upande mmoja. Sasa wewe hubiri kwamba Mungu alikataa alizeti yetu, uone kama huyo mchungaji wako atapata hata maji ya kunawa. Tutabeba masufuria yetu turudi nayo nyumbani."

Hapo ndipo Simoni alipoanza kumtengeneza Mungu upya.

Alhamisi aliandika kwamba Mungu hakuangalia mazao wala mnyama, aliangalia moyo. Hilo lilikuwa jambo jema, na angeishia hapo angelala vizuri. Lakini akajiuliza: moyo mbaya ni wa nani? Akiutaja, benchi moja litageuka kuliangalia jingine. Akaufuta moyo. Ijumaa aliandika kwamba Mungu aliikataa sadaka ya Kaini kwa upole. Akaisoma kwa sauti, ikamshinda hata yeye. Jumamosi asubuhi akakata shauri: Mungu alipokea zote mbili, akashukuru.

"Sasa Kaini atakasirikia nini?" Eliana aliuliza, akipepeta mtama.

"Hatakasirika."

"Na Habili?"

"Habili ataendelea na kazi zake."

Eliana akaweka ungo chini. "Baba Peniel, ungewaambia tu waombane radhi. Hiyo hadithi ndiyo inasema hivyo."

"Nikishakuwa mchungaji nitawaambia."

Lilibaki somo lenyewe, maana kabla ya mahubiri Biblia lazima isomwe, na Biblia Simoni hakuwa na mamlaka ya kuifuta kwa kalamu. Akamfuata Elizabeti, msomaji wa zamu, akamwambia asome Mwanzo sura ya nne, mstari wa kwanza na wa pili.

"Halafu?"

"Halafu unakaa."

"Mwinjilisti, hapo ndiyo kwanza wamezaliwa na kupewa kazi."

"Inatosha. Watu watakuwa na njaa."

Jumapili kanisa lilijaa. Mbele palikuwa na viroba vya alizeti, mtama, viazi vitamu, maboga, na nje beberu mweupe wa Mazengo akilia kuliko kwaya. Mchungaji Gerald alikaa kwenye kiti chenye kitambaa. Elizabeti akasoma mistari yake miwili, akakaa, na watu wakabaki wameshika Biblia zao wazi wakidhani amekaa ili akohoe kwanza.

Simoni akapanda. Alihubiri vizuri, tusimwonee. Alimweka Kaini shambani jua likiwa kali, akataja palizi, ndege kwelea, mvua iliyokata mwezi wa pili. Benchi za kushoto zikapiga vigelegele. Akamweka Habili machungani, akataja kupe, fisi, kutafuta maji kiangazi. Benchi za kulia zikapiga makofi. Wakaleta sadaka, Mungu akaangalia kiroba, akaangalia mwanakondoo, akasema asanteni wanangu. Kanisa zima likasema amina. Mazengo aliangalia kushoto akamkuta Marietha anaangalia kulia, wote wawili wamefurahi, kila mmoja akiamini ameshinda.

"Kisha ndugu hao wawili," Simoni alisema, akifuta jasho, "wakaenda kondeni."

Akafunua ukurasa. Daftari lilikuwa limefika mwisho.

"Wakaenda kondeni," akarudia, "wakazungumza."

Kwenye benchi la mbele alikaa Bibi Ritha, ambaye hajui kusoma lakini Mwanzo yote anayo kichwani, na masikio yake mabovu humfanya aseme kwa sauti anayodhani ni ndogo.

"Mbona hamuui?"

Mtu akacheka, akajifanya amepaliwa.

"Bibi," Simoni alisema kwa unyenyekevu, "leo ni sikukuu."

"Kwa hiyo atamuua kesho?"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mchungaji Gerald akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyejua kama ni kicheko au hasira. Simoni akashika alichoweza kushika. Akamkumbuka yule wa suti nyeupe, akainua mikono: "Mgeukie jirani yako umwambie, Mungu amepokea sadaka yako!" Watu wakageukiana, kelele ikawa kubwa, kwaya ikaingia na ngoma, na Habili akaachwa kondeni akiwa mzima, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe.

Baada ya ibada ukafuata mnada wa sadaka nje ya kanisa. Kiroba cha Marietha kilipoinuliwa, Mazengo akanyoosha fimbo.

"Nipeni mimi. Ng'ombe wangu wanaujua utamu wake."

Kulia wakacheka. Marietha akatoka kwenye masufuria na mwiko mkononi.

"Na pole, wameijua? Au wewe na ng'ombe wako wote hamjafundishwa?"

Simoni alitaka kwenda pale, lakini aliitwa ofisini. Mchungaji Gerald alikuwa na bakuli la supu mbele yake.

"Nimehubiri miaka ishirini na sita," alisema mchungaji, akichagua mfupa. "Sijawahi kumsikia mtu akimwokoa Habili."

Simoni alisimama wima. Aliona miezi yake minne iliyobaki ikianguka sakafuni mmoja mmoja. "Mchungaji, sikutaka kelele."

"Hata mstari uliukata."

"Niliukata."

"Hilo nimelipenda." Mchungaji akajifuta mikono, akavuta karatasi na kalamu. "Mimi nilipojaribiwa nilipewa Bahari ya Shamu, na benchi la mbele alikaa bwana mkubwa mmoja wa serikali. Nikamrudisha Farao nyumbani salama na magari yake. Simoni jina la pili nani? Utafika mbali sana, ndugu yangu."

Akaandika, akapiga muhuri, akarudi kwenye mfupa.

Simoni alitoka kwa mlango wa nyuma, barua mfukoni. Eliana alikuwa hapo anaosha bakuli.

"Umepata?"

"Nimepata. Mzee akiweka sahihi tu, imekwisha."

Upande wa pili wa kanisa sauti zilikuwa zimepanda. Boga liligonga ukuta. Mazengo alikuwa akiutukana ukoo wa Marietha, Marietha akiutukana wa kwake, na katikati watu walikuwa wanaita, "Mwinjilisti! Mwinjilisti yuko wapi?"

"Unaitwa," Eliana alisema. "Nenda kawaambie."

Simoni akagusa mfuko wa shati. Alisikiliza kidogo, kama mtu anayesikiliza mvua inayonyesha shamba la jirani.

"Ataletwa mwinjilisti mwingine," alisema. "Hilo litakuwa lake."

Akapita nyuma ya choo cha kanisa, akashika njia ya nyumbani.