Tezi za Mama Mkwe

Kila asubuhi binti mmoja, daktari mdogo wa mifugo, alianzia kwa yule farasi jike waliyembandika jina la Mama Mkwe, kwa kuwa hakuna kilichompendeza. Alimpa pumba, akampiga brashi taratibu, huku akimsimulia mambo asiyothubutu kuwasimulia watu. Siku hiyo brashi haikufika hata mgongoni. Dume wa banda la pili alipitishwa, na Mama Mkwe akainua mkia, akatanua miguu, akakojoa kidogokidogo akimtazama kwa jicho la mahaba.

"Ala!" Mwenye farasi alikuwa amesimama mlangoni. "Si mlimtoa ovari huyu? Huu uchumba unatoka wapi?"

Daktari mkuu, mjomba wa binti huyo, alitoka ofisini na kikombe cha chai. Uso ulimsawijika. Ndiye aliyempasua.

"Umeacha kipande tumboni, daktari."

"Basi tutamfungua tena kesho. Bure."

Daktari mdogo akatupa brashi. Mara ya kwanza, Mama Mkwe alipozinduka kwenye dawa ya usingizi, aliangukia ukuta na nusura avunjike mguu. Binti akaenda stoo mbio. Mjomba wake alikuwa na kawaida ya kuhifadhi kila alichokikata, na chupa ilikuwa palepale rafuni. Ndani yake ovari mbili, nzima, bila pengo. Akarudi nayo mkononi.

"Nazijua, mpwa wangu," mjomba alimnong'oneza. "Lakini nikibisha, ataona najitetea. Nikimfungua nisikute kitu, yataisha."

"Yataisha kwako, mjomba. Na farasi je?"

"Mnanong'ona nini?" mwenye farasi akauliza.

"Hamna kitu, mama," binti alijibu kwa mazoea, akainamia viatu vyake. Kisha akajiona alivyo na hasira, akainua kichwa.

"Kipo, mama. Ovari zote ni hizi hapa, hakuna kilichobaki. Ila juu ya figo kuna vitezi vinaitwa adrenali. Navyo hutoa homoni za jike, kidogo tu. Zamani ovari zilikuwa zikitoa pia homoni ya kumtuliza. Sasa mtulizaji hayupo, kwa hiyo hata hicho kidogo kinaweza kumtia joto la kutaka dume."

"Figo ndiyo inatongoza?"

"Jirani yake, mama."

Mwenye farasi alicheka bila kutaka. "Na hao majirani hawatolewi?"

"Hawatolewi. Bila hivyo vitezi hawezi kuishi. Kama una wasiwasi, nachukua damu leo, maabara watakuambia kama kuna ovari. Tumhamishie banda la mwisho, mbali na madume."

"Daktari, ni kweli?" mwenye farasi akamgeukia mjomba.

Mjomba aliweka kikombe chini, akamtazama mpwa wake.

"Mjomba ameogopa utamwona mzembe," binti alisema. "Mimi ninachosema ni hiki: huyu farasi hapasuliwi tena."